Namna ya Kutazama na Kujadili Mashindano ya Ubunifu wa Mavazi kwa Haki

Kila Jumamosi baada ya swala ya Isha, runinga ya shangazi yangu hugeuzwa ielekee barazani, mkeka hutandikwa, na watu kumi hadi kumi na watano wa mtaa wetu wa Chikongola, hapa Mtwara, hukaa kutazama mashindano ya ubunifu wa mavazi. Shangazi ni fundi cherehani wa miaka mingi, na waliozoea kuja ni mafundi wenzake wawili, mama mmoja anayeuza vitenge sokoni, mwalimu mstaafu, na mabinti wanaojifunza kushona. Mwanzoni mijadala yetu ilikuwa kelele tupu: huyu anaringa, yule anaonewa, jaji fulani ana chuki. Watu walirudi makwao wamenuniana, na hakuna aliyeweza kueleza gauni lililoshinda lilikuwa na nini. Utaratibu ninaoueleza hapa tuliujenga kidogo kidogo baada ya kuchoshwa na hali hiyo, na ninauandika kwa ajili ya yeyote, awe Mtwara, Lindi, Masasi au Nachingwea, anayependa kubishana kuhusu vipindi hivi na anayetaka hoja yake iwe na uzito.

Msingi wake ni mmoja: mjadala uanzie kwenye nguo. Tabia ya mshindani, uso wa jaji na machozi yaliyomwagika katika chumba cha kazi vitazungumzwa baadaye, kama bado kutakuwa na haja.

Lijue kwanza shindano lenyewe

Mashindano haya hayapimi kitu kimoja. Project Runway, lililoanza kurushwa nchini Marekani mwezi Desemba 2004, hupima zaidi ubunifu. Mshindani hupewa sharti, fedha za kununulia kitambaa zenye kikomo, na muda ambao mara nyingi ni siku moja au mbili, kisha mwanamitindo hupita na nguo hiyo jukwaani mbele ya majaji. The Great British Sewing Bee, lililoanza kwenye BBC mwaka 2013, hupima mkono wa mshonaji ambaye kushona si kazi yake ya kumlipa. Huyo hushona kwa kufuata vipimo alivyokabidhiwa, hugeuza nguo kuukuu kuwa vazi jingine, na hatimaye humshonea mtu aliyempima mwenyewe nguo ya kumkaa sawasawa. Zipu iliyopinda katika shindano la pili ni kosa kubwa linaloweza kumrudisha mtu nyumbani, ilhali katika la kwanza majaji wanaweza kuisamehe iwapo wazo la nguo limewashika.

Nusu ya ugomvi wa barazani kwetu ilitoka hapo, kwa sababu mafundi walikuwa wakiwapima wabunifu kwa kipimo cha ushonaji, na vijana walikuwa wakiwapima washonaji kwa kipimo cha ubunifu. Kila upande ulikuwa na haki yake, lakini kila mmoja ulikuwa ukijibu swali ambalo mwenzake hakuliuliza. Kwa hiyo, kabla ya kipindi kuanza, mtu mmoja aseme kwa sauti shindano hili linampa zawadi mtu wa namna gani, na wote wakubaliane.

Mtunza sharti

Katika kila kipindi mchagueni mtu mmoja awe mtunza sharti. Kazi yake ni kuandika kwenye daftari, neno kwa neno kadiri awezavyo, kile ambacho washindani wameambiwa wafanye, na kukisoma tena kila mara mjadala unapopotea njia. Kazi hii inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayookoa jioni nzima.

Tulipoitazama kazi ya kwanza kabisa ya Project Runway, washindani walitakiwa kutengeneza nguo kwa vitu vya kununuliwa katika duka la vyakula, na mshindani aitwaye Austin Scarlett akatengeneza gauni kwa maganda ya mahindi. Mama muuza vitenge alikasirika kweli. Alisema hiyo si nguo, haifuliki, haikaliki, na hakuna mtu wa Mtwara ambaye angeivaa kwenda harusini. Mtunza sharti alisoma daftari, na hoja ya kufulika ikafa palepale, kwa kuwa hakuna aliyeombwa nguo ya kufulika. Swali lililobaki lilikuwa bora zaidi, nalo ni hili: je, ganda la mahindi limegeuzwa likawa kitambaa, au limebaki ganda lililobandikwa juu ya umbo la gauni? Jibu la majaji lilikuwa kwamba limegeuzwa, na Scarlett akashinda kazi hiyo. Sharti la namna hiyohiyo liliporudiwa mwaka 2008, washindani kadhaa walikimbilia vitambaa vya meza vilivyouzwa dukani humo na wakalaumiwa, kwa sababu walikuwa wamenunua kitambaa huku wakijifanya wamekiepuka.

Swali hilo ndilo tunalolitumia hadi leo kila vifaa visivyo vya kawaida vinapotokea, na ili kulielewa vizuri zaidi tulilihamishia nyumbani. Tuliwazia mbunifu aliyepewa gunia la katani, lile la kuwekea korosho. Shangazi alitueleza kwamba gunia likikatwa tu, nyuzi zake huanza kufumuka ukingoni, kwa hiyo fundi asiyeukunja au kuuzungushia mshono ukingo huo mapema atabakiwa na vumbi la katani mezani, na kwamba uzito wa gunia hautaki marinda madogo bali mikunjo mikubwa michache. Binti mmoja akauliza kuhusu ukili wa mkeka, ambao haufumuki upesi lakini huvunjika ukikunjwa vibaya. Tangu siku ile, tukimwona mshindani ameshika kamba, karatasi au plastiki, swali letu la kwanza ni kama amekielewa kifaa chake, na swali la kama kimetupendeza hufuata baada ya hapo.

Zima sauti, toa vifungo

Majaji wakishaanza kusema, macho ya watazamaji hufuata. Nimeliona hili mara nyingi: mtu aliyekuwa anaisifu nguo huanza kuitafutia kasoro mara tu jaji anapokunja uso. Dawa yake ni kutazama matembezi ya jukwaani huku sauti imezimwa, na kupiga kura kabla ya neno la kwanza la jaji kusikika. Muziki wa kipindi nao huelekeza hisia, ndiyo maana sauti yote inazimwa, si maneno tu.

Sisi tunapiga kura kwa vifungo vya shati kutoka katika kopo la shangazi. Kila mtu hupewa vitano, na mbele yetu huwekwa vikombe vyenye majina ya washindani. Unaweza kuvitia vyote katika kikombe kimoja au kuvigawa upendavyo, lakini huwezi kumpa kila mshindani kila kitu, na huo ubahili ndio unaomlazimisha mtu afikiri. Kisha kila kifungo kinadaiwa sababu, na sababu hiyo lazima itaje sehemu ya nguo: kola, kwapa, kiuno, mkono, zipu, bitana, pindo. Anayesema tu kwamba nguo imempendeza huombwa aoneshe ni wapi. Asipoweza, kifungo kinarudi mkononi mwake.

Kuna jambo la adabu hapa ambalo lilituchukua muda kulirekebisha. Shangazi akitangulia kusema, mabinti hunyamaza, maana nani atasimama kumpinga fundi aliyemfundisha kushika mkasi? Kwa hiyo tuliamua kwamba mdogo aanze na mkubwa amalizie. Binti anayetaka kupinga atasema, "Shangazi, samahani, kuhusu mkono wa gauni hili mimi nimeona tofauti," na shangazi atajibu, "Sema mwanangu, nakusikiliza." Wenye utani wao wa makabila waendelee nao wakati wa matangazo ya biashara, lakini vikombe vikishawekwa, utani unakaa kando.

Kuisoma nguo usiyoweza kuigusa

Hapa ndipo penye utamu wote, na ndipo ninapowaomba wasomaji wakae kwa muda mrefu.

Nguo iliyovaliwa husema kwa mikunjo yake. Mkunjo unaolala kwa upana kiunoni au nyongani unaonyesha kwamba nguo inabana mahali hapo. Mkunjo uliosimama wima na kulegea unaonyesha kwamba kitambaa kimezidi. Mkunjo unaokwenda mshazari kutoka kwapani kuelekea kifuani unaonyesha kwamba kifua hakikupewa nafasi yake wakati wa kukata. Simamisha picha, ufuate mkunjo kwa kidole kwenye kioo cha runinga, na utafika penye kosa. Shingo inayofunguka mwanamitindo anapogeuka nayo ina sababu yake: ukingo wa shingo hukatwa kwa mviringo, hivyo mahali fulani nyuzi za kitambaa hukaa mshazari na kuvutika kwa urahisi, na fundi asipouimarisha mapema kwa kile kitambaa kigumu cha ndani kinachobandikwa kwa pasi, shingo hutanuka mikononi mwake akiwa bado anashona.

Angalia pia kitambaa kilichochaguliwa, kwa sababu ugumu wa kazi huanzia dukani. Pamba ya kitenge hutulia chini ya mkasi na husamehe. Shifoni huteleza, na upande mmoja unaweza kukatika mrefu kuliko mwingine bila mkataji kujua. Sateni hubakiwa na tundu la sindano hata mshono ukifumuliwa, kwa hiyo aliyekosea mara moja hana pa kujificha. Gauni la kawaida la sateni lililotulia, lisilo na mshono uliovutana, linastahili vifungo vingi kuliko gauni la mbwembwe la pamba, na hili ni jambo ambalo mtazamaji asiyeshona hawezi kulijua hadi aelezwe.

Kwa upande wa maua na michoro, watu wa pwani hii tuna jicho ambalo hatukulitafuta. Aliyewahi kuhudhuria sherehe ya kumtoa mwali, akawaona wanawake thelathini wamevaa sare ya kitenge kimoja kilichoshonwa na mafundi kumi tofauti, anajua kwa kutupa jicho moja fundi yupi alipanga na yupi alikata tu. Mama muuza vitenge ndiye mwalimu wetu katika hili. Yeye huwa hatazami mbele ya gauni, anasubiri mwanamitindo ageuke ili aone penye zipu, kwa kuwa hapo ndipo ua hukutana na nusu yake au hukatwa shingo. Kuyakutanisha maua kunataka kitambaa cha ziada na kunataka mpango kabla ya mkasi kugusa, na mshindani mwenye fedha za kikomo anayeamua kukigharamia ametoa uamuzi unaostahili kutajwa. Vivyo hivyo kwa kanga. Kanga ina pindo, mji na jina, na mbunifu anayeikata bila kujua kila sehemu inaangukia wapi mwilini anaweza kuliweka pindo katikati ya tumbo kama mkanda uliopotea.

Naomba nieleze jioni moja kwa kirefu. Jukwaani lilipita gauni la sateni jepesi, sketi yake ikiwa imekatwa mshazari ili imwagike vizuri, na ubavuni pindo la chini lilikuwa limeshuka kwa upana wa vidole vitatu hivi. Vijana walikuwa wamekwisha kumhukumu: hajui kushona, hajui hata kunyoosha pindo. Shangazi hakubishana nao. Aliinuka, akachukua masalio ya kitambaa chepesi kwenye kapu lake, akakata kipande cha mviringo kama nusu ya sketi, akakibana kwenye kamba ya nguo kwa vibanio, akapitisha mkasi chini mpaka ukingo ukawa sawasawa, kisha akasema, "Njooni kesho asubuhi." Asubuhi tulipokuja, ukingo ule ulikuwa umeshuka sehemu mbili, zile ambazo nyuzi zilikuwa zimekaa mshazari, na hakuna mkono wa mtu uliougusa. Kitambaa kilichokatwa hivyo hurefuka kwa uzito wake chenyewe, ndiyo maana fundi mwenye nafasi hukitundika usiku kucha kabla ya kukata pindo.

Mshindani yule alikuwa na siku moja. Hoja ya vijana haikufutika, ila ilibadilika na kuwa ya kweli zaidi. Alijua kushona, bali alichagua ukataji ambao muda wake haukumruhusu kuumaliza. Hilo ni kosa la uamuzi, si la mkono, na mtu anayetenganisha makosa hayo mawili anaweza kujadiliana na jaji yeyote. Tangu hapo daftari letu lina safu tatu kwa kila nguo, yaani sharti, mkono na uamuzi, na mtu hupata alama katika kila safu peke yake. Nguo iliyoshindwa sharti haiokolewi na safu nyingine, hilo tumekubaliana. Lakini kati ya mkono na uamuzi bado tunabishana kila wiki kuhusu kipi kizito, na mimi binafsi nauona uamuzi kuwa mzito, kwa sababu mkono huongezeka kwa mazoezi.

Majaji wanaona nini ambacho wewe huoni

Miaka michache iliyopita niliombwa kukaa katika jopo la majaji wa mashindano madogo ya mavazi, nisiyoyataja. Tuliketi mbali na jukwaa, taa zikiwa hafifu, na tulipiga kura bila kushika hata nguo moja. Nililinyima alama gauni jeusi la binti mmoja kwa sababu kwa mbali lilionekana halina chochote. Baada ya zawadi kutolewa nilipita nyuma ya jukwaa nikamkuta analikunja, nikaomba kuliona ndani. Bitana yote ilikuwa imeshikizwa kwa mkono, mishono midogo kama punje za mtama, hakuna uzi mmoja uliojitokeza, na kwapani alikuwa ameongeza kipande kidogo ili mwanamitindo aweze kuinua mkono bila gauni zima kupanda. Sikuwa na namna ya kuirudisha kura yangu. Nilimwomba radhi, na jambo hilo halijanitoka.

Ninalisimulia kwa sababu watazamaji wa runinga wanakaa pale nilipokaa mimi usiku ule. Katika Project Runway, baada ya matembezi, majaji huzisogelea nguo, huzishika, hutazama ndani na mgongoni, na sehemu kubwa ya ukaguzi huo haifiki kwenye kipindi. Majaji wakiisifu nguo ambayo kwako ni ya kawaida, acha nafasi ya kwamba wameshika kitu ambacho kamera haikukuonesha. Na kinyume chake ni kweli pia. Wewe umewaona washindani katika chumba cha kazi, umejua nani alikwamishwa na cherehani mbovu, nani alimsaidia mwenzake kumalizia pindo, nani alilia. Majaji kwa kawaida hawakuwapo huko. Wanaihukumu nguo iliyofika mbele yao, na lawama ya kwamba hawana huruma mara nyingi inawalaumu kwa kutojua jambo ambalo hawakuoneshwa.

Zipo pia kanuni ambazo lazima zijulikane kabla ya kulia kwamba mtu ameonewa. Katika misimu mingi mshindi wa kazi ya wiki hupata kinga ya wiki inayofuata, kwa hiyo nguo mbaya kuliko zote inaweza kubaki na nyingine ikatoka. Tangu mwaka 2013 mshauri wa washindani, ambaye wakati huo alikuwa Tim Gunn, alipewa uwezo wa kumwokoa mshindani mmoja aliyetolewa, mara moja tu kwa msimu. Na maandishi ya mwisho wa kipindi yamekuwa yakieleza kwamba majaji huamua baada ya kushauriana na watayarishaji. Anayebisha kuhusu haki ya hukumu bila kuyasoma maandishi hayo amekosa ushahidi uliowekwa wazi mbele yake.

Hukumu zinazofaa kufanyiwa mazoezi

Kama kundi lenu ni jipya, anzeni na hukumu za zamani ambazo matokeo yake yanajulikana, maana hapo hakuna wa kuharibiwa hamu.

Fainali ya Project Runway ya mwaka 2010 ndiyo bora kwa kazi hii. Waliobaki juu walikuwa Gretchen Jones, aliyeleta nguo za rangi za udongo, nyepesi na za kuvalika, na Mondo Guerra, aliyeleta rangi kali na michoro iliyokutanishwa kwa ujasiri. Majaji waligawanyika mbele ya kamera: Michael Kors na Nina Garcia walisimama na Jones, ilhali Heidi Klum na mgeni wao Jessica Simpson walisimama na Guerra. Jones akashinda. Barazani kwetu vifungo karibu vyote vilikuwa katika kikombe cha Guerra, na sishangai, kwa kuwa macho yaliyolelewa kwenye vitenge, na kwenye kapulana zinazovuka Ruvuma kutoka Msumbiji, hayaogopi rangi tatu zinazogombana. Lakini mwalimu mstaafu alituomba tuirudie ile sehemu ya mabishano ya majaji na kuandika kila upande ulikuwa unajibu swali gani. Ilionekana kwamba upande mmoja uliuliza mavazi yanaelekea wapi, na mwingine uliuliza nani ana sauti ambayo huwezi kuichanganya na ya mtu mwingine. Baada ya hapo tuliweza kusema tunapingana na Kors na Garcia katika uzito wa swali, bila kuwatuhumu upofu wala upendeleo. Guerra alishinda msimu wa nyota wa shindano hilo, uliowakutanisha washindani wa misimu ya nyuma, mwaka 2012, lakini msikubali mtu alitumie hilo kama ushahidi kwamba hukumu ya 2010 ilikuwa mbaya. Nguo zilikuwa nyingine, washindani wengine, majaji wengine.

Mwaka 2011 alishinda Anya Ayoung-Chee wa Trinidad na Tobago, ambaye alikuwa amejifunza kushona miezi michache tu kabla ya shindano. Shangazi alikosa usingizi kwa hasira. Mabinti walifurahi mno. Hukumu hiyo itumieni kuuliza kama zawadi ni ya jicho au ya mkono, na msiharakishe kupata jibu moja.

Kisha tazameni mwaka 2015, Ashley Nell Tipton aliposhinda kwa mkusanyiko wa nguo za wanawake wenye miili mikubwa, mara ya kwanza kwa mkusanyiko wa aina hiyo kushinda katika shindano hilo. Wateja wengi wanaokuja kupimwa kwa shangazi hawana umbo la mwanamitindo, na yeye ndiye aliyetueleza kwamba kumshonea mwanamke mnene si kuongeza upana pande zote, kwa sababu kifua, tumbo na nyonga havikui kwa kiasi kimoja, na mabega huenda yasikue kabisa. Anayepanua tu karatasi ya vipimo hupata gauni linaloanguka mabegani na kubana tumboni. Jioni ile wanawake ambao huwa hawasemi walisema sana.

Kuhusu washindani kama watu

Hapa nitapita haraka. Kazi ya siku mbili hukatwa ikawa kipindi cha chini ya saa moja na nusu, na anayeikata huchagua sura ipi ibaki. Sauti ikisikika huku uso wa msemaji hauonekani, sentensi hiyo inaweza kuwa imeunganishwa kutoka mahali pengine. Mwiteni mshindani kwa jina lake, semeni kuhusu alichokitengeneza, na mkimwita mtu mwenye kiburi, mtunza sharti awaulize ni kiburi cha nguo ipi. Msimwandikie mshindani matusi kwenye simu zenu. Ni mtu, ana wazazi, na anasoma.

Daftari na usiku wa fainali

Tunzeni daftari la msimu mzima. Hukumu ya kila wiki hutazama nguo ya wiki hiyo, lakini daftari litawaonyesha mambo ambayo hakuna kipindi kimoja kitakachoyaonyesha: mshindani ambaye kwapa zake ni mbaya kila mara, yule ambaye kila sharti analijibu kwa sketi ileile, yule ambaye safu yake ya uamuzi inapanda polepole huku hakuna anayemsifu. Mabinti wetu wawili walianza kutumia safu hizohizo tatu kukagua kazi zao kabla ya kumkabidhi mteja, na shangazi sasa hapokei kazi ya mwanafunzi isiyo na alama zilizoandikwa kwa penseli pembeni.

Usiku wa fainali msikimbilie matokeo. Tazameni mkusanyiko wa kila mshindani mara mbili, mara ya kwanza bila sauti na kwa mfululizo, mkiuliza kama nguo hizo ni za mkono mmoja, na mara ya pili mkisimamisha picha kila mwanamitindo anapogeuka mgongo. Gaweni vifungo kumi badala ya vitano. Mdogo aseme kwanza. Mtunza sharti aandike hesabu, kila mtu atie sahihi chini yake, na hapo ndipo sauti iwashwe majaji wasikike. Umeme ukikatika kabla ya jina la mshindi kutajwa, acheni vikombe vikae kama vilivyo hadi utakaporudi, mtu asihamishe kifungo hata kimoja gizani.